Breki Haina Mashabiki

Sisi tuliokulia Eastlands tulijifunza kuchagua matatu kwa masikio kabla ya macho. Ukiwa steji ungesikia wufa ikidunda kabla gari halijatokea kwenye kona, na ungejua mara moja: hii ni 58 inarudi Buruburu, ile ni ya Umoja, na hiyo nyingine wacha ipite, spika zake zinakwaruza. Wanafunzi waliacha magari matatu manne yenye viti vitupu yaende zake, wakingoja moja tu. Mimi pia nilingoja. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kusikia mtu akisema, "Tungojeni ile, breki zake ziko sawa."

Historia ya matatu imesimuliwa kupitia michoro, Sheng, siasa na vita vya steji. Hapa nataka kuisimulia kupitia vitu vitatu vilivyomo ndani ya gari lenyewe: muziki, betri na breki. Nimekaa na mafundi wa Kariobangi na Grogan muda wa kutosha kujua kwamba vitu hivi vitatu havitenganishwi. Vinalipiwa kutoka mfuko mmoja, na kimoja kikila sana, kingine kinalala njaa.

Tuanze na umbali, kwa sababu bila umbali hakuna matatu. Wakoloni waliwapanga Waafrika upande wa mashariki wa jiji: Pumwani miaka ya 1920, Kaloleni miaka ya 1940, kisha Bahati, Jericho, Maringo na nyingine nyingi. Baada ya Uhuru mitaa iliendelea kusogea mashariki. Buruburu ilianza kujengwa 1973, mradi wa Dandora ukafuata 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Umoja ikajengwa kwa msaada wa Marekani, na Kayole ikaja baadaye. Mitaa mipya mingi ilikuwa mbali na kazi kuliko ile ya zamani. Mabasi ya Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza 1934, ndiyo yaliyokuwa na haki ya kubeba abiria jijini, na hayakutosha hata kidogo.

Pengo hilo lilizibwa na magari ya wizi wizi yaliyotoza senti kumi tatu. Kwa Kikuyu hela hizo ziliitwa mang'otore matatu, na jina likabaki. Zilikuwa Peugeot 404 na pikapu zenye mabenchi ya mbao, na polisi walizifukuza hadi 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotamka kwamba ziruhusiwe kubeba abiria. Hazikuwa na muziki wa kuzungumzia. Redio, kama ilikuwepo, ilikuwa ya dereva. Makanga alining'inia mlangoni na kugonga bodi kwa kiganja: dereva akasimama, akagonga tena, dereva akaondoka. Kumbuka hiyo lugha ya kugonga, nitairudia.

Muziki uliingia kwa kanda. Philips walitoa kaseti mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 redio ya kaseti ilikuwa kitu ambacho mwenye matatu angeweza kununua na fundi wa mtaani angeweza kuifunga. Lakini kilichoipa kaseti nguvu Nairobi ni hewa yenyewe. Hadi katikati ya miaka ya 1990 redioni kulikuwa na mtangazaji mmoja tu, Sauti ya Kenya, iliyogeuka kuwa KBC mwaka 1989. Ukitaka kusikia rege, Lingala au benga ambayo serikali haikukuchagulia, ulipanda gari. Matatu ilikuwa redio yetu, na nauli ndiyo iliyokuwa leseni.

Serikali ilielewa hilo haraka. Mwaka 1988 chama cha wenye matatu kilivunjwa, kwa sababu watu wanaoweza kusimamisha jiji kwa asubuhi moja wanatisha. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, pale karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, vilibomolewa na wakaaji wakafurushwa. Wiki chache baadaye kanda za nyimbo kuhusu bomoabomoa hiyo zilikuwa zinauzwa River Road na kupigwa kwenye matatu. Polisi wakawakamata wauzaji. Julai 7 mwaka huohuo, siku ya Saba Saba, watu walielekea Kamukunji kudai vyama vingi, na matatu zilizowabeba zilikuwa sehemu ya habari. Kwa hivyo tangu zamani mkono wa dola ulipoingia ndani ya matatu, ulitafuta redio kwanza. Ilikuwa na sababu. Maneno yalikuwa huko.

Vyama vingi vikaja, redio za FM zikaja, na kelele za matatu hazikupungua, zilipanda. Sasa ilikuwa kazi ya vijana wa mitaa yenyewe. Kalamashaka walitoka Dandora wakichana kwa Kiswahili na Sheng, na matatu zikawabeba hadi mitaa ambayo haijawahi kukanyaga Dandora. Calif Records ilichukua jina lake kutoka mtaa wa California, na genge ikatoka hapo. Miaka mingi baadaye, 2018, Ethic walifanya vivyo hivyo kutoka Umoja, na gengetone ikasambaa kwa flashi ndogo iliyochomekwa kwenye dashibodi. Msanii wa Eastlands aliyetaka kujulikana hakuanza kwa mameneja wa redio. Alianza kwa makanga. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba nauponda muziki. Bila hizo spika, sehemu kubwa ya muziki wa jiji hili isingesikika.

Lakini spika hulishwa. Na hapa ndipo mafundi wa waya wanapoingia.

Betri ya gari dogo ni seli sita za risasi na asidi, kila moja ikitoa volti mbili na kidogo, jumla volti 12. Kazi yake ya kwanza si muziki. Ni kuwasha injini. Inatoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha oltaneta inairudishia siku nzima. Sasa funga amplifaya ya wati 1,000. Gawanya kwa volti 12 utapata zaidi ya ampia 80 inapovuta kwa nguvu zake zote, na kuna oltaneta nyingi ambazo uwezo wao wote ni huo au chini yake. Kwenye foleni ya Jogoo Road, injini ikiwa inanguruma polepole tu, oltaneta hata haifiki hapo. Kinachopungua kinatolewa kwenye betri. Ndiyo maana usiku unaona taa za gari zikipepesa kufuata besi, pamoja na zile nyekundu za nyuma zinazomwambia aliye nyuma yako kwamba umekanyaga breki.

Kwa Isuzu za viti 33 mambo ni mabaya zaidi, na ni fundi mmoja mzee wa Kariobangi Light Industries aliyenionyesha kwa kidole. Gari hilo linatumia volti 24: betri mbili za volti 12 zilizounganishwa moja nyuma ya nyingine. Amplifaya nyingi zimetengenezewa volti 12. Fundi mwenye haraka anachomoa waya katikati, akalisha muziki kutoka betri moja tu.

"Angalia kijana wangu," aliniambia, "hawa ni ng'ombe wawili kwa jembe moja. Mmoja umemkamua usiku kucha, halafu asubuhi unawalisha sawa."

Ndivyo ilivyo. Oltaneta inazichaji zote mbili kana kwamba zimechoka sawa. Iliyolisha muziki haishibi kamwe, na mwenzake inashiba kupita kiasi hadi maji yake yanachemka na kukauka. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, na mdosi anamlaumu muuza betri. Dawa ipo: kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12 kinachovuta kutoka betri zote mbili kwa usawa, fyuzi karibu kabisa na betri, waya mnene, na maji safi ya betri badala ya maji ya mfereji. Si ghali ukilinganisha na bei ya skrini na spika. Tatizo ni kwamba hakuna abiria atakayepanda gari kwa sababu lina fyuzi.

Betri ikishachoka, tabia ya gari zima inabadilika. Dereva haizimi injini steji kwa kuogopa kwamba haitawaka tena. Ikizima, makanga na vijana wa steji wanasukuma, na sisi abiria tunacheka. Ila kuna jambo ambalo halichekeshi. Breki za magari haya husaidiwa na nguvu inayotokana na injini inayozunguka. Injini ikizimika mwendoni, unabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu hivi. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mguu wa mtu mmoja unabaki kupambana na tani kadhaa. Kwenye tambarare utasogea pembeni. Kwenye mteremko, betri isiyoweza kuwasha injini tena si shida ya muziki tena.

Sasa breki yenyewe. Inafanya kazi moja: kugeuza mwendo kuwa joto. Kila steji, kila tuta, kila makutano, pedi inajisugua ikapungua. Chukua gari linalosimama mara 20 kwa safari na kufanya safari 12 kwa siku. Hiyo ni mara 240 kabla ya saa nne usiku. Watengenezaji walijua kwamba dereva husahau, kwa hivyo pedi nyingi za diski zina kipande kidogo cha chuma kinachogusa diski pedi inapobaki nyembamba. Kinapiga kelele nyembamba, ya kukera, makusudi. Kwenye dramu za nyuma, laini ikiisha, riveti zinaanza kukwaruza chuma, na hiyo pia ina sauti yake. Breki, kwa ufupi, imeumbwa iombe msaada kwa sauti. Na sisi tumeifungia ndani ya gari ambalo husikii hata jirani yako akikuomba upishe.

Ile lugha ya makanga ya kugonga bodi iliongezeka nguvu kwa sababu hiyohiyo. Sauti ya mtu haikutosha tena, "shukisha hapo mbele" ilimezwa na besi, tukaanza kugonga paa kwa sarafu, kisha zikaja kengele za kubonyeza. Tulitafuta njia ya kumfikia dereva ili akanyage breki. Hatukutafuta njia ya breki kumfikia dereva.

Kwa nini? Jibu si kwamba watu wa matatu ni wabaya. Fuata pesa. Dereva na makanga humpelekea mwenye gari hesabu ya siku, kiasi kilichopangwa, na kinachobaki ndicho chao. Gari likilala gereji asubuhi moja kubadilishwa pedi, hesabu haipungui kwa huruma. Wao ndio wanaolala njaa. Ukiongeza wufa, gari linajaa haraka na unaweza kutoza mbao juu ya wenzako. Ukiongeza pedi mpya, hakuna kinachoongezeka. Kile unachopata ni ajali ambayo haikutokea, na kitu ambacho hakikutokea hakina mashabiki.

Na Eastlands inawadanganya. Mitaa yetu iko kwenye tambarare la udongo mweusi. Huku gari lenye breki mbovu linaweza kufanya kazi kwa miezi, kwa sababu foleni yenyewe ndiyo breki. Lakini matatu zetu hazibaki huku. Jumamosi zinakodiwa kwenda kuzika.

Nilikuwa kwenye safari moja kama hiyo, tukimsindikiza jirani yetu kwenda magharibi mwa nchi. Gari la viti 33, zuri, muziki wa injili kwa heshima ya wafiwa. Tulipoanza kuteremka barabara ya Mai Mahiu, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine Bonde la Ufa lote, harufu ya kitu kinachoungua ikaingia. Mama mmoja akasema ni lori la mbele. Kisha dereva akafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona: alizima muziki kabisa. Ndipo tukasikia. Chuma juu ya chuma, kutoka nyuma, kila alipokanyaga. Alikuwa anapampu pedali, mara tatu mara nne, ndipo inashika. Akashusha gia hadi injini ikalia, akateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi chini, karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942. Tukashuka. Wengine waliingia kuomba. Magurudumu ya nyuma hayakugusika kwa joto.

Tulizika siku hiyo, tukarudi. Baadaye nilimweleza fundi wangu wa Kariobangi, naye hakuuliza gari lilikuwa la nani. Aliuliza maji ya breki yalibadilishwa lini. Maji hayo hunywa unyevu wa hewa polepole, hata kikopo kikiwa kimefungwa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, pedali inazama, gari linaendelea. Ushauri wa kawaida ni kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi. Aliniuliza kama nimewahi kuona kibandiko cha kutangaza maji ya breki kwenye kioo cha nyuma cha matatu. Sikuwa nimewahi.

Serikali nayo ilifanya nini? Oktoba 2003 Waziri John Michuki alichapisha sheria zake, na Februari 1, 2004 zikaanza kutumika: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, mstari wa manjano, sare za dereva na makanga, abiria kulingana na viti. Siku za kwanza tulitembea kwa miguu hadi mjini, lakini nitakuwa mwongo nikisema hazikuokoa watu. Kwa muda fulani ulikaa kitini mwako bila mtu wa kukukalia mapajani. Mwaka 2009 zikaja kanuni za kudhibiti kelele. Kisha polepole rangi zikarudi, na katikati ya muongo wa 2010 Rais Uhuru Kenyatta akataka vijana wa michoro waachwe wafanye kazi. Nganya zikarudi na skrini, intaneti na spika kubwa kuliko za zamani. Novemba 2018 serikali ikakaza tena sheria za Michuki, tukatembea tena.

Ukiangalia msururu huo wote utaona kitu kimoja. Msako wa barabarani hunasa kinachoonekana na kusikika: rangi, mkanda, muziki, sare. Afisa aliyesimama Muthurwa anaweza kusikia wufa akiwa mbali. Hawezi kusikia maji ya breki yaliyozeeka. Breki ina siku yake ya ukaguzi, mara moja kwa mwaka, na pedi ya gari linalosimama mara 240 kwa siku haingoji mwaka.

Betri nayo ina mwisho wake, na mwisho huo hauko Eastlands. Betri iliyokufa hununuliwa na watu wa vyuma chakavu, kwa sababu risasi iliyo ndani yake huyeyushwa ikatumika tena. Wakenya walijua gharama ya kazi hiyo kupitia Owino Uhuru, kijiji cha Mombasa kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kati ya 2007 na 2014. Watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, ndiye aliyeongoza mapambano. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakaaji fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kila betri tunayoiua kabla ya siku zake kwa waya uliofungwa ovyo inaongeza foleni kwenye tanuri kama hilo mahali fulani, karibu na nyumba za watu ambao hawakusikia hata wimbo mmoja.

Sitaki matatu zinyamaze. Mtaa huu bila muziki si mtaa wetu. Ninachosema ni kwamba abiria wa Eastlands ndiye aliyezilazimisha matatu ziwe na sauti nzuri. Hakuna sheria iliyozitaka ziwe nayo. Tulikataa kupanda mbaya, zikabadilika. Nguvu hiyo bado tunayo, na inaweza kudai kitu kingine.

Kwa hivyo, kaa nyuma ya dereva siku moja na uutazame mguu wake. Akikanyaga mara moja gari likashika, sawa. Akipampu mara mbili tatu, kuna hewa au maji yanavuja, na unapaswa kushuka. Nyimbo zinapobadilishana, katika ile sekunde ya kimya, sikiliza magurudumu. Na mnapokodi gari la mazishi, kabla ya kuuliza lina skrini ngapi, muulize mwenye gari maji ya breki yalibadilishwa lini na mwambieni muziki uzimwe kwenye miteremko. Atashangaa kuulizwa. Akiulizwa na mtaa wa tano mfululizo, atampeleka fundi.